Anapopunguza Mwendo

Kwa mara ya tisa lori la Marieta lilipunguza mwendo mahali palepale, na kwa mara ya tisa hakuona sababu.

Mikono yake ilikuwa mapajani, kama walivyofundishwa. Usukani ulijizungusha kidogokidogo mbele yake, kana kwamba kuna mtu asiyeonekana amekaa kwenye kiti chake. Mita kumi na tano mbele lilikwenda lori la Magige, limejaa dagaa wakavu wa bandari ya Mwigobero kama lake. Kila alichofanya Magige, lori la Marieta lilifanya. Alipokanyaga breki, habari ilipita hewani kutoka antena yake hadi antena ya lori la pili, na lori la pili likashika breki kabla jicho la Marieta halijaona taa nyekundu. Kazi ya Marieta ilikuwa kukaa macho tu, na kubonyeza kitufe chekundu endapo mambo yangeharibika. Akikibonyeza, mawasiliano yangekatika na gari lingerudi mikononi mwake.

Kipimo kilishuka. Sitini. Hamsini. Thelathini na tano. Barabara ilikuwa tupu. Hapakuwa na tuta wala trafiki. Kushoto palikuwa na kalavati lenye kingo za saruji zilizomeguka, na ng'ambo yake nyumba ya bati la bluu. Kisha malori yote mawili yakashika kasi tena kuelekea Bunda.

Akachukua redio. "Magige."

"Nakupata, mke."

"Bado sijawa mke. Kuna nini hapo nyuma?"

Redio ilikwaruza, ikatulia. "Wapi?"

"Pale kwenye kalavati. Umepunguza."

"Aa. Ng'ombe. Wanavukaga pale."

"Sikuona ng'ombe."

"Ndiyo maana napunguza. Ukisubiri uwaone unakuwa umeshachelewa."

Akacheka. Marieta alikuwa amekipenda kicheko hicho tangu mafunzo, miezi minane iliyopita, walipokuwa wakizunguka kwenye uwanja wa kampuni Musoma, yeye nyuma na Magige mbele, mpaka wapakizi wakalibatiza lori lake jina la Bibi Harusi. Lakini leo kicheko kilikuja kimechelewa, kama mtu aliyekumbushwa kucheka.

Siku ile ilikuwa Jumanne. Jumamosi wazee wa Magige wangetoka Butiama kwenda Kiriba kupeleka barua ya posa. Mama yake Marieta alikuwa ameshapaka nyumba chokaa.

---

Ghala la kampuni lilikuwa Nyasura, hapohapo Bunda, na karani wake alikuwa Hilda, binti wa mama mdogo wa Marieta. Wapakizi walipoanza kushusha magunia, Hilda alichomeka tableti kwenye lori la pili ili kuvuta kumbukumbu za safari, kama alivyofanya kila mara kwa ajili ya mainjinia.

"Hilda, hicho kidude kinaonyesha breki zote?"

"Kinaonyesha mpaka ulivyopumua. Unataka nini?"

"Nionyeshe kalavati la kabla ya Bunda. Safari zote."

Hilda aligusa kioo hapa na pale. Mistari tisa ikajipanga, mmoja juu ya mwingine, na yote tisa ikazama mahali pamoja kama mkeka uliokaliwa. Hilda akasogeza uso karibu.

"Hee. Hajakosea hata mita tano, dada. Kuna nini hapo?"

"Anasema ng'ombe."

"Ng'ombe wa wapi wanaovuka kwa ratiba?" Hilda alipunguza sauti. "Kuna nyumba?"

"Ipo moja. Ya bati la bluu."

"Basi umeshajua. Mwanaume hapunguzi mwendo kwa ajili ya saruji. Anataka aonekane. Kuna mtu anatoka mlangoni, wanaangaliana, anaondoka. Huyo ana mwanamke hapo, au ana mtoto. Au vyote viwili."

"Aliniambia njia hii haijui. Siku ya kwanza injinia alituuliza nani ameshawahi kuendesha Musoma mpaka Bunda. Magige akasema yeye hajawahi, alikuwaga Shinyanga tu."

"Mtu wa Butiama asijue njia ya Bunda?" Hilda akachomoa tableti. "Na wewe ukameza?"

Marieta alikuwa amemeza. Alipomtazama Magige ng'ambo ya uwanja, akiwa ameshika gunia upande mmoja kumsaidia mzee mmoja mpakizi, alijiuliza ameshameza mangapi. Magige akainua macho, akamwona anatazamwa, akatabasamu. Marieta hakutabasamu. Akaona tabasamu la Magige linaondoka polepole, na macho yake yanahamia kwenye tableti mikononi mwa Hilda, na yanabaki hapo.

---

Jumatano hakukuwa na safari. Marieta alimwambia mama yake anakwenda kwa Hilda, na akafika mpaka Bunda, kisha akapanda bodaboda kurudi nyuma hadi kwenye kalavati. Alivaa gauni lake zuri. Kama angekutana na mwanamke wa Magige, hakutaka kukutwa amevaa ovyo.

Mwanamke aliyemkuta chini ya bati la bluu alikuwa na miaka kama sitini, ameketi kwenye kigoda anamenya mihogo. Jina lake Pelagia. Hapakuwa na mwanamke mwingine wala mtoto. Marieta aliona aibu kwa gauni lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu. Umepotea?"

"Hapana mama. Nataka kuuliza. Kuna malori mawili yanapitaga hapa, meupe, yamefuatana karibukaribu."

"Yale ya mashetani," Pelagia akasema bila kuacha kumenya. "La nyuma dereva wake haendeshi. Mjukuu wangu alimwona amekunja mikono, akaja kulala kwangu siku mbili."

"Ni mimi, mama."

Pelagia akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Basi umependeza kwa shetani. Uliza."

"La mbele linapunguzaga mwendo hapa. Unajua kwa nini?"

Kisu kilisimama. "Huyo kijana alishashuka siku moja. Siyo na lori, alikuja na pikipiki. Akasimama pale kalavati muda mrefu. Nikamwendea, nikamwambia, mwanangu, umepoteza kitu? Akasema hapana mama. Nikamwambia, hapo alianguka mtu. Akasema najua."

"Nani alianguka?"

"Kijana wa pikipiki. Mwaka wa mvua ile kubwa, mwezi wa nne. Maji yalipita juu ya barabara, yakaacha tope. Asubuhi, bado giza halijaisha vizuri, nikasikia pikipiki inaburuzika. Nikatoka mbio. Ukaja mwanga wa lori kutoka Kiabakari. Nikapiga kelele. Wanangu wawili walikuwa shamba, nao wakaja na mapanga yao mkononi. Lori likapunguza mwendo. Niliziona taa zake za breki, nikasema Mungu amesikia. Lilipunguza mpaka ungeweza kulishika kwa mkono. Halafu likaondoka."

Upepo uligonga bati. Marieta alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, "Kijana alikuwa amevaa nini?"

"Koti la mvua la njano. Mfukoni alikuwa na rozari ya mbao. Alikaa na mimi hapo karibu saa nzima, nimemfunika kitenge changu, mpaka gari la trafiki likaja kumchukua. Sijawahi kujua ni wa nani." Pelagia aliweka kisu chini. "Mwanangu, mbona umekaa chini kwenye vumbi na gauni hilo?"

---

Kijana huyo alikuwa Clever, kaka yake Marieta. Ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, kwenye kipikapu cha kukodi, barabara ya Kiriba, akicheka kila injini ilipomzimikia Marieta. Alifia hospitali Bunda kabla wao hawajafika, na daktari alisema damu nyingi ilikuwa imepotea njiani. Trafiki aliyemchukua alihamishwa mwezi uleule. Kwenye karatasi ya trafiki iliandikwa tu, "kati ya Kiabakari na Bunda."

Kwa miaka mitatu mama yao aliuliza swali moja. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Ni wapi alipolala?" Kila walipopita njia ile ndani ya basi, alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili na kutazama ukingo wa barabara mwanzo hadi mwisho, ili asije akamruka mwanawe bila kumwona.

Na Magige alikuwa anapajua mahali hapo siku zote. Magige aliyekula ugali wa mikono ya mama huyohuyo.

---

Alhamisi asubuhi, Mwigobero, wapakizi walikuwa wanafunga turubai. Marieta alimkuta Magige anakagua matairi.

"Leo natangulia mimi."

"Wewe? Kuna nini?"

"Sote tumefundishwa mbele na nyuma. Ama humwamini mkeo mtarajiwa?"

Mpakizi mmoja, Gody, alidakia kutoka juu ya magunia. "Leo Bibi Harusi anatangulia kanisani. Bwana harusi atafika kweli?"

Wenzake wakaangua kicheko. Magige naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa yanatafuta kitu usoni mwa Marieta. Hakukipata. Akapanda lori la pili.

Wakapita Makutano, pale njia ya Butiama inapochepuka. Marieta alihisi uzito wa magari mawili kwenye mguu wake mmoja. Akiongeza mafuta, Magige alikuja. Akipunguza, Magige alipungua. Kwenye kioo alimwona, mikono mapajani, kama mtu aliye mbele ya daktari.

Kiabakari ilipobaki nyuma, redio iliita yenyewe.

"Marieta. Jana ulikuwa wapi?"

"Kwa Hilda."

"Hilda anasema ulikaa kwake dakika tano."

"Na wewe umeanza kunichunguza?"

"Nakuuliza tu."

"Basi na mimi nakuuliza tu. Ulikuwa unaendesha gari la nani, mwaka wa mvua kubwa?"

Kwa mbali bati la bluu likaonekana.

"Marieta, punguza tuongee. Tufike Bunda kwanza, tukae."

"Mimi napunguza. Wewe ndiye huwa husimami."

Akakanyaga breki. Hamsini. Thelathini. Kumi. Alisogeza lori pembeni taratibu, na nyuma yake lori la Magige likasogea pembeni pia, likapungua, likasimama mita chache kutoka kwake bila kuombwa. Kitufe chekundu kilikuwa mbele ya Magige njia nzima. Marieta alikuwa amengoja kuona kama atakibonyeza, apite. Hakukibonyeza. Hilo halikumfariji. Huenda mtu hakimbii kwa sababu tu hakupata muda wa kufikiri.

Alishuka, akaenda mpaka dirishani kwake. Magige alikuwa bado ameweka mikono mapajani.

"Shuka."

Akashuka. Wakasimama juu ya kalavati, na chini yao mkondo ulikuwa mkavu, una mchanga na chupa za plastiki.

"Ulimgonga?"

"Hapana. Haki ya Mungu, Marieta, nilimkuta ameshaanguka."

"Najua. Nilitaka nione kama utasema ukweli hata mmoja." Sauti yake haikupanda. "Kwa nini hukusimama?"

"Niliona mwanamke anakuja anapiga kelele. Wanaume wawili wana mapanga. Wiki ile ile mwenzetu alisimama kusaidia, watu wakasema ndiye aliyegonga, wakachoma gari na yeye wakamvunja miguu. Niliweka mguu kwenye breki. Nikasema nishuke. Nikasema nisishuke. Mguu ukatoka wenyewe."

"Mguu hautoki wenyewe."

"Hapana," Magige akasema. "Nilikanyaga mafuta mimi."

"Halafu?"

"Nikafika Bunda, nikamwambia trafiki kuna pikipiki imelala njiani. Sikutaja jina langu. Wiki ile nikaacha kazi, nikaenda Shinyanga ili nisipite hapa tena. Nilimdanganya injinia siijui njia, nikidhani watanipangia nyingine."

"Na mimi?" Hapo sauti yake ilikwaruza. Hili ndilo lililomnyima usingizi, kuliko yote. "Ulijua mimi ni nani tangu siku ya kwanza? Ulikuja uwanjani Musoma ukijua?"

"Sikujua. Nilijua Pasaka, uliponipeleka kwenu. Nikaona picha ukutani. Ana koti la njano."

"Pasaka. Na ukaendelea kula."

"Nikaendelea kula. Mama yako aliniongezea samaki, nikashindwa kusimama."

"Kwa hiyo tangu Pasaka sijui kama unanipenda mimi, au unatafuta kusamehewa kwa kupitia mlango wangu. Mashine ya Hilda inaonyesha breki zako zote, Magige. Hilo haionyeshi."

Alimtazama. Magige hakuyakwepa macho yake, na hilo nalo Marieta alilitilia shaka, kwa kuwa alijua sasa kwamba mwanaume huyu anaweza kumtazama mtu machoni huku ana jambo zima kifuani.

"Nilikupenda kabla ya picha," alisema. "Baada ya picha nilisema niondoke. Kila asubuhi nilisema hivyo. Sina cha kukuonyesha. Ningekuwa nacho ningekupa."

Basi la abiria lilipita, likapiga honi, vumbi likawafunika wote wawili. Lilipotulia, Marieta alikuwa ameshageuka.

"Kesho saa mbili asubuhi uje Kiriba. Kuna mtu anapatafuta hapa miaka mitatu. Utamleta wewe."

"Mama anajua?"

"Atajua leo, kwa mdomo wangu. Kesho atasikia kwa mdomo wako."

"Nije na lori?"

"Uje na gari lolote, uendeshe mwenyewe. Mimi sitakuwa mbele kukuvuta."

---

Mama Clever aliposikia, hakulia. Alikaa kwenye mkeka, akavunja kijiti cha ufagio vipande vidogovidogo mpaka kikaisha. Kisha akauliza swali moja, "Anakuja kweli?"

"Sijui, mama."

Ijumaa saa moja alikuwa ameshavaa viatu. Saa mbili ikafika, ikapita. Marieta alisimama uani akitazama njia, na kila dakika ilivyosogea alijikuta anapanga jinsi atakavyowaambia wazee wa Butiama wasisumbuke. Saa mbili na robo pikapu ya kuazima ikatokea, imejaa vumbi. Magige alishuka, akasalimia, "Shikamoo mama," akainamisha kichwa. Mama akaitikia, akapanda mbele. Marieta akapanda kiti cha nyuma.

Safari ile ndefu Magige alisimulia yote, bila kupunguza, akiwa anatazama barabara. Mama hakumkatiza. Walipopita Kiabakari, mama alishika dashibodi kwa mikono miwili na kuanza kutazama ukingo wa barabara, kama alivyozoea.

Bati la bluu likaonekana. Gari likaanza kupunguza mwendo. Sitini. Hamsini. Marieta alikijua kipande hiki kwa mwili wake. Kilikuwa kimepita chini yake mara tisa nyuma ya Magige. Alijua pia kinachofuata baada ya thelathini na tano. Mkono wake ukashika kitasa cha mlango.

Thelathini na tano. Ishirini. Kumi.

Likasimama.

Magige alizunguka, akamfungulia mama mlango. Pelagia alikuwa ameshatoka nje, anafuta mikono. Mama Clever alitembea mpaka kwenye saruji iliyomeguka, akaigusa kwa kiganja, akaketi chini kama mtu aliyefika nyumbani kwa mtoto wake. Pelagia akaketi karibu naye bila kuuliza kitu.

Kisha mama akasema, bila kugeuka, "Wewe. Ulimwona?"

"Nilimwona, mama."

"Alikuwa anaangalia wapi?"

Marieta akamgeukia Magige. Angeweza kudanganya. Hakuna mashine iliyokuwa imeandika hilo.

"Aliangalia gari langu, mama. Aliinua mkono."

Pelagia aliitikia kwa kichwa taratibu, kuthibitisha. Mama akafumba macho. Magige alibaki amesimama pale pale, jua linamchoma kisogoni, hakusogea kivulini wala garini.

"Wazee wako," mama akasema mwishowe, "wanakuja kesho?"

"Kama utaruhusu, mama."

"Kesho wasije. Kesho nataka nilie vizuri." Akavuta kitenge chake, akakiweka magotini. "Waje Jumamosi nyingine. Na hiyo Jumamosi wasije kabla wewe hujanileta hapa tena."

Magige aliitikia kwa sauti isiyosikika. Marieta alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta usoni pake kile alichokuwa akikitafuta tangu Jumanne. Hakuwa na uhakika kama amekiona. Akaenda kusimama karibu naye juani, akaacha kati yao nafasi ya mtu mmoja.